Benchi la Nje la Askofu Garama

Hoteli aliyokuwa akifanya kazi Garama Rai kule Diani ilipofungwa, meneja aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achukue kitu kimoja anachoweza kukibeba. Wenzake walichukua magodoro, mapazia, feni na sufuria za jikoni. Garama alichukua kiti. Kilikuwa kiti cha mapokezi, cha mbao nzito, mikono yake imechongwa maua, mgongo wake mrefu kupita kichwa cha mtu aliyekikalia. Alijitwika mpaka stendi ya Ukunda, na njiani watu wakamcheka.

"Mzee, unahamia ikulu?"

"Nakwenda kwangu," alijibu.

Kazi yake miaka yote ile ilikuwa moja. Kila alfajiri, maji yakishatoka, alikokota mwani kwa reki kutoka ufuoni na kuuzika shimoni, wageni wakiamka wasiuone wala wasiunuse. Kila alfajiri iliyofuata bahari ilikuwa imeshaurudisha. Wengine waliopewa kazi hiyo walijifunza kuifanya polepole, huku wakipiga soga. Garama hakujifunza. Aliuchukia mwani kama mtu anavyomchukia jirani, na siku zote aliamini kwamba iko asubuhi moja atakayoukuta ufuo mweupe. Anayetaka kujua alikuja kuwa askofu wa namna gani, aanzie hapo.

Alikuwa ameokoka Ukunda, kwenye mkutano wa injili uliofanywa chini ya turubai, na aliporudi nyumbani, kwenye vilima vya nyuma ya Kikoneni, alirudi na kiti na neno. Huko mahindi hukauka mara mbili kabla ya kukomaa mara moja. Waislamu, Wakristo na wale wasiokuwa huku wala huku huchota kisima kimoja na huzikana. Garama alianza kusali kwenye banda la makuti pamoja na mkewe Dama, dadake Kavumbi na majirani wachache. Banda likawa nyumba ya udongo. Nyumba ya udongo ikawa nyumba ya mawe, yaliyoletwa kwa trekta kutoka pwani na kupandishwa kilimani kwa vichwa vya wanawake. Wakaliita Kanisa la Taa ya Nyika. Matawi yakazaliwa kwenye vilima vingine, wazee wa matawi wakakutana, wakaweka mikono juu ya kichwa cha Garama, wakamwita Askofu. Kile kiti kikawekwa mbele, pembeni mwa meza ya madhabahu, na hakuna aliyecheka tena.

Alikuwa mtu wa kweli, na ukweli wake ulikuwa mkavu. Kama alivyoukokota ufuo ndivyo alivyolikokota kanisa. Alipiga marufuku pombe ya mnazi. Alipiga marufuku ngoma za pepo. Watu wakanung'unika, wakazoea. Lakini kitu cha tatu alichokiondoa kiliwauma, nacho kilikuwa maji.

Desturi ya maji ni kongwe kwenye vilima vile kuliko kanisa lolote. Mtu akiugua ugonjwa usiosikia dawa, huulizwa nani ana kinyongo naye. Kinyongo kinachoogopwa kuliko vyote ni cha mjomba, kakake mama, kwa sababu huko mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Mjomba huitwa. Hushika kata ya maji, huyataja yote yaliyomkaa moyoni, moja moja, mbele ya mgonjwa. Akimaliza hupiga funda, akampulizia mgonjwa kifuani. Likibaki neno moja moyoni, maji yale ni maji tu.

Garama alisema huo ni ushenzi. Damu ya Yesu imekwisha kusema, hakuna haja ya mate ya mtu. Akaweka kanuni: atakayepuliza maji au kupuliziwa atakaa nje mwaka mzima. Akatengeneza benchi kwa mbao zilizobaki kwenye paa, akaliweka ukutani kando ya mlango, ili anayekaa hapo asikie ibada bila kuiona.

Wa kwanza kulikalia alikuwa Shutu, mjane, ambaye bintiye aliugua baada ya kujifungua. Shutu alikwenda kumwita kakake apulize. Binti alipona. Jumapili Garama alisimama mlangoni akamwonyesha Shutu benchi kwa kidole. Shutu alikaa mwaka mzima, kwenye jua na kwenye manyunyu. Mwaka ulipokwisha, Garama mwenyewe alitoka kumkaribisha ndani.

"Sitaki," Shutu alisema. "Hapa pana upepo."

Akabaki hapo. Miaka ikapita, watoto wakakua wakidhani ni mahali pake, kama kengele ilivyo na mahali pake.

Elijah alikuwa mtoto wa Kavumbi. Babake alifariki kabla hajaota meno, na Garama ndiye aliyemlea. Alimfundisha kusoma kwa Biblia ileile aliyoipata kwenye turubai. Alimpeleka chuo cha wachungaji Mombasa, na Elijah aliporudi, mrefu, shati limepigwa pasi, sauti imelainika, Garama alimpa mimbari Jumapili ya kwanza. Yeye akakaa kwenye kiti chake akisikiliza.

Kijana alizungumza habari za Yona. Aliigiza Yona akitafuta mahali pa kushika ndani ya tumbo la samaki, na watu wakacheka. Walicheka kanisani, wazee wakifuta machozi, wanawake wakipigana mabega. Baadaye walilia, kisha wakaimba kama ambavyo hawakuwahi kuimba. Garama hakucheka. Kitu kilimwingia kifuani siku ile, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli hakutaka kukitazama, asije akakiita jina.

Ugomvi wenyewe ulianzia mbali. Askofu Mkuu wa Mombasa, ambaye Taa ya Nyika iliandikishwa chini ya mwavuli wake, alitaka makao ya askofu yateremshwe Ukunda. Huko kuna lami, kuna watu wa bara waliofuata hoteli, kuna vijana. Garama alikataa. Kanisa limezaliwa mlimani, alisema, anayelitaka alipandie. Wazee wa matawi wakamuunga mkono, wakamchagua upya kwa sauti moja. Askofu Mkuu hakubishana. Alimwita Elijah Ukunda, akamwekea mikono, akamvika kanzu ya zambarau. Taa ya Nyika ikawa na maaskofu wawili: mmoja wa wazee, mmoja wa Mombasa.

Elijah alipanda kilima kuja kumweleza mjomba wake. Ilikuwa heshima, au ilikuwa ujeuri, watu hawakubaliani mpaka leo. Alimkuta mlangoni pa kanisa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiyo kanzu umeazimwa na nani?"

"Sikuazimwa, mjomba. Nimevishwa."

"Mtu huvishwa akiwa mtoto mchanga au akiwa maiti. Wewe u yupi?"

Elijah alicheka kidogo, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Garama alimgeuzia mgongo.

Wiki ile watu wa Elijah walitia kufuli mlangoni. Watu wa Garama, badala ya kuivunja, walitia ya kwao juu yake. Ikawa hakuna wa kuingia. Upande mmoja ukasali uani kwa Garama, upande wa pili kwenye darasa la shule, na kanisa likabaki na popo. Naibu wa chifu, Abdurahman, aliitwa kuamua. Alizitazama kufuli.

"Mimi Mwislamu," alisema, "nyumba ya ibada ya mwingine siihukumu. Ila mlango wenye kufuli mbili, jamaa zangu, huo ni ukuta. Mngeujenga tu kwa mawe mkajua moja."

Maneno yale yaliwatia watu aibu. Karisa, mzee mkubwa wa kanisa na rafiki wa Garama tangu zama za banda, alikwenda Mombasa, akarudi na jibu. Askofu Mkuu amechoka. Ifanywe Jumapili moja ya pamoja, mbele ya mjumbe wake, na yule ambaye watu watasimama upande wake ndiye atakayekalia kiti. Hapatakuwa na rufaa.

Kila mtu alijua watu watasimama wapi. Elijah alipendwa, lakini Garama ndiye aliyewazika wazazi wao. Hata vijana walisema mzee aachiwe kiti chake amalizie maisha. Garama alinyosha kanzu yake ya zamani mwenyewe, kwa pasi ya makaa. Dama alimsikia akiimba, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu Diani.

Kisha Elijah akaugua. Homa, kikohozi, mwili ukaisha kama sabuni. Hospitali ya Msambweni walimpima, wakampa dawa za kifua za kunywa miezi mingi, wakamwambia avumilie. Alilazwa nyumbani kwa mamake, Kikoneni. Dawa alizinywa na hakuinuka.

Kavumbi alikuja asubuhi, jua halijakali. Hakuingia ndani. Alikaa chini kwenye udongo wa uani, miguu ameinyosha, kama mfiwa.

"Inuka, Mama Elijah," Garama alisema. "Hapa hapana msiba."

"Sikuja kwa Askofu. Nimekuja kwa kaka yangu. Yupo?"

Garama alikwishajua.

"Dawa anakunywa?" aliuliza.

"Anakunywa."

"Basi ziache zifanye kazi."

"Dawa inafanya kazi ya dawa. Kinyongo cha mjomba hakitibiwi Msambweni. Kaka, niambie huna kinyongo naye, nami naondoka sasa hivi."

Angeweza kusema sina. Lakini alikuwa mtu wa kweli.

Dama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso. "Baba Judy," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Shutu yuko nje mpaka leo kwa jambo hilihili."

"Nalijua benchi. Nililipiga misumari mimi."

"Na Jumapili ndiyo hii inayokuja."

"Nimesema najua."

Alisimama kitambo akitazama barabara ya Kikoneni, vumbi lake jekundu. Kama angekataa na kijana akafa, kiti kingekuwa chake, na angekikalia juu ya kifua cha mtoto wa dadake. Alivaa viatu.

Elijah alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mifupa ya mabega imetokeza, kanzu ya zambarau imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake. Macho aliyafumba. Kavumbi alifunga mlango, akachota maji mtungini kwa kata, akamkabidhi kakake kwa mikono miwili.

Garama alianza kwa shida, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Hiyo kanzu. Umeivaa bila kuniuliza, imeniuma. Ukunda. Ulikwenda huko kwa siri, nikasikia kwa watu wa sokoni. Kufuli. Mlango ule niliukata mbao mimi. Na siku ile pale mlangoni, nilikuwa nazungumza, wewe ukacheka. Nimemaliza."

"Bado," Kavumbi alisema.

"Nimemaliza, nakwambia."

"Bado, kaka. Tumebebwa kwa mbeleko moja, mimi na wewe. Nakijua kimya chako. Liko moja."

Kuku alikuwa akiparua nje. Garama alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo.

"Siku ulipohubiri mara ya kwanza, watu walicheka kwa furaha. Miaka yote niliyosimama pale, watu wameniogopa, wameniheshimu. Hawajawahi kunifurahia. Tangu siku ile sikupendi, Elijah. Nimekuwa nikikuombea, na sikupendi."

Elijah alifumbua macho, akamtazama.

Garama alipiga funda, akampulizia kifuani. Matone yalimetameta kwenye vinyweleo, yakateremka mbavuni. Ndipo akarudisha kata.

Alirudi nyumbani kwa miguu, na mwili wake ulikuwa mwepesi mpaka akaona aibu. Alimwambia Dama jambo moja tu: "Leo nimeuona ufuo mweupe." Dama, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amesikia habari za mwani, alielewa, akageuka upande asionekane akilia.

Kijana aliinuka. Mwenye kuamini dawa alisema dawa zimeingia damuni. Mwenye kuamini mengine alinyamaza na imani yake. Kufika Jumapili Elijah aliweza kukaa, na watu wake walimleta kwa pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma kumshika asianguke.

Kufuli zilifunguliwa kwa mikono miwili tofauti. Ndani kulinuka popo. Nyigu walikuwa wamejenga chini ya kiti, wakachomwa kwa kuti la moto, kikafutwa, kikawekwa mahali pake kitupu. Mjumbe wa Askofu Mkuu, mchungaji mnyamavu mwenye miwani, alikaa pembeni. Upande wa kulia alikaa Garama, upande wa kushoto Elijah. Kayamba zikalia. Watu walikuwa hawajaimba pamoja siku nyingi na waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Katika nyimbo zile Garama alimtazama mpwa wake, na mpwa wake akamwinamia kichwa, na aliyeona aliamini kwamba mambo yamekwisha.

Kabla ya watu kuambiwa wasimame upande wao, Karisa aliuliza, kama ilivyo ada, kama kuna mwenye ushuhuda.

Kavumbi alisimama. Alivaa leso mpya. Alijifunga vizuri, akaja mbele.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena. Mimi ni mwenye furaha. Wengi mmesema kaka yangu na mwanangu ni maadui. Uongo. Mwanangu alikuwa amekwisha. Nikaenda kwa kaka yangu, akaja, akashika maji, akatoa yote moyoni, akampulizia mwanangu kifuani, na huyo hapo amekaa! Kaka, mbele ya watu wote, ahsante. Mungu akuweke."

Alitazama huku na huku akitabasamu, akingojea amina. Haikuja. Mpigaji mmoja wa kayamba aliishusha ya kwake polepole chini, na mbegu zake zikasikika zikiteremka.

Mjumbe alivua miwani. "Maji gani hayo?"

Karisa alimweleza kwa sauti ya chini. Mjumbe akaitikia kwa kichwa. "Na kanisa hili lina kanuni gani juu ya jambo hilo?"

Watu waligeuka, bila kupatana, wakatazama mlangoni. Kutoka pale ilionekana ncha ya ushungi wa Shutu.

Garama hakuitazama ncha ile. Alimtazama Elijah. Neno moja tu la kijana lingetosha. Angesema ni mimi niliyeomba. Angesema tukaombe, tuyaache. Watu walikuwa wakiitafuta sababu ya kusamehe, wangeipokea yoyote.

Elijah alisimama kwa taabu, ameshika mgongo wa kiti kile kitupu apate kusimama. Sauti yake ilikuwa laini kama kawaida.

"Kanuni ni ya mjomba wangu mwenyewe. Ni mwaka mmoja nje. Mimi nilikuwa mgonjwa, sikumwita wala sikujua. Lakini mbele ya Mungu na mbele yenu, mimi namsamehe."

"Elijah!" Kavumbi alipiga ukelele. "Mimi nimeshukuru tu! Elijah, nimeshukuru tu!"

Wanawake walimkalisha. Karisa alikwenda kwa rafiki yake, akainama sikioni. "Kanuni uliiandika wewe, unaweza kuifuta wewe. Sema neno. Sema sasa, wangali nawe."

Garama alimtazama kama anayetazama mtu aliyemletea chakula baada ya kufa. Kwamba kanuni ile ilikuwa ya uongo, alikuwa amejua tangu siku aliyorudi kutoka Kikoneni, mwepesi. Lakini kuifuta leo, kwa ajili yake mwenyewe, wakati Shutu yuko nje?

"Kanuni ni kanuni," alisema. Alikusanya kanzu yake magotini, akatembea katikati ya kanisa mpaka mlangoni, na watu wakamwachia njia kama wanavyoliachia jeneza.

Shutu alikuwa katikati ya benchi, mahali penye kivuli cha paa.

"Shikamoo, mama," Garama alisema, kwa kuwa Shutu alikuwa mkubwa wake kwa umri.

"Marahaba, Askofu. Umetoka kunikaribisha ndani?"

"Nimekuja kukaa."

Shutu alimtazama kutoka viatuni mpaka kichwani, akacheka bila sauti, akionyesha meno yake machache. "Karibu. Lakini mimi sisogei. Kaa upande wa jua, na mimi nilianzia huko."

Alikaa upande wa jua. Ndani watu walisimama, na kwa kuwa upande ulikuwa mmoja tu uliobaki, walisimama huo. Baada ya muda sauti ya Elijah ilianza kuhubiri, dhaifu kwanza, kisha ikapata nguvu, na kabla ya mahubiri kwisha watu walikuwa wakicheka.

"Wamefurahi," Shutu alisema.

"Nasikia."

Kavumbi alikuja Jumapili iliyofuata na nyingine baadaye, akipita mbele ya benchi akiwa ameinamisha uso, mpaka siku moja akaacha kuja kabisa. Dama alimletea mumewe mwavuli. Hakuufungua.

Mvua za vuli zilipokwisha, pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu ilipanda kilima. Makao ya askofu yalikuwa yamehamia Ukunda, kwenye ukumbi uliopakwa rangi mpya kando ya barabara ya Diani, na vijana walikuwa wametumwa kuchukua kiti. Walikitoa mlangoni kichwa chini, miguu juu, wakikigeuzageuza ili mikono yake ya maua ipite. Hakikupita. Mmoja wao, mgeni, asiyemjua yeyote mlimani, alimgeukia mzee aliyekaa kwenye benchi.

"Mzee wangu, samahani. Inua miguu kidogo tupitishe."

Garama aliinua miguu.